Kigingi Chenye Kichwa Chekundu

Hanifa Muharami alikuja mikono mitupu, na hilo ndilo lililomtia Lea wasiwasi.

Msimu ule hakuna mgombea aliyeingia kwenye ua wa mtu bila kitu. Diwani wa kata, aliyekalia kiti miaka kumi na tano, alikuwa amejiuzulu mwezi wa tano. Redio zikasema mambo yanabadilika, vijiweni wakasema mambo yanabadilika, na ghafla watu ambao hawakuwahi kujua njia ya kushukia bondeni wakaijua. Mmoja alileta chumvi, mwingine sabuni ya mche. Huyu Hanifa, mwenye duka la mbegu na majembe pale njia ya kwenda makumbusho, duka aliloachiwa na marehemu baba yake, alikuja na kalamu nyuma ya sikio na mzee mmoja mtaalamu wa maji kutoka mjini Iringa aitwaye Benjamini, aliyebeba tepu ya kupimia na kigingi cha mti.

“Kamwene, Mama Happy.”

“Kamwene,” Lea alijibu, akaiangalia mikono ya mgeni tena.

Mume wake Liberatus alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa anawekwa pale asubuhi na kuondolewa jioni. Jua la saa tatu lilikuwa linampiga machoni. Hanifa, kabla hata hajakaa, alikishika kiti kwa nyuma akakizungusha kidogo, jua likaangukia begani. Lea aliliona hilo, akaliweka pembeni, kwa sababu watu wa kura nao wanajua kuzungusha viti.

Hanifa alieleza alichokuja nacho. Amri ilikuwa imetoka kwamba vinyungu vyote, bustani za bondeni, vilivyo ndani ya mita sitini kutoka kwenye kijito viondolewe. Kila mtu alikuwa ameisikia, na kila mtu alikuwa anaomba iwe uvumi. Kinyungu cha Lea, matuta kumi na moja bondeni, ndicho kilichoilisha nyumba ile wakati wa kiangazi, mashamba ya juu yakiwa yamekauka. Mahindi mabichi na maharage yake yalikwenda kwa gari hadi Mbeya, ambako binti yao Happy aliyauza sokoni, na dawa za Liberatus zilitoka humo humo.

“Sitakudanganya, mama,” Hanifa alisema. “Nimeisoma hiyo amri. Matuta matano ya chini yataondoka, nikishinda au nisiposhinda. Sita ya juu ni yako, na hakuna sheria inayoyagusa. Ninachotaka ni mpaka uwekwe mapema na mtaalamu, kabla hawajaja watu wenye haraka.”

Katika maneno yote hayo, Lea alisikia moja tu: yataondoka.

Akaingia jikoni akatoka na togwa. Mgeni ni mgeni. Lakini pale Kalenga, na Uheheni kote, mwenyeji humwonjea mgeni: hunywa funda moja mbele yake ndipo ampe, ili mgeni ajue kinywaji ni salama na moyo wa mwenyeji ni salama. Lea alijaza vikombe viwili vya bati, akawapa moja kwa moja, bila kuonja. Liberatus aligeuza uso. Mzee Benjamini alikishika kikombe muda, akakiweka chini taratibu kama mtu aliyekumbuka ana tumbo.

Hanifa alikitazama kikombe chake. Alizaliwa pale, babu zake walitoka pwani na vitambaa, lakini yeye mwenyewe alikua akinywa togwa za nyumba zile zile, na alijua vizuri alichofanyiwa. Kisha akanywa. Alikunywa chote, akaenda mwenyewe kwenye ndoo akakisuuza, akakirudisha kwa mikono miwili.

“Tamu,” alisema. “Asante, mama.”

Wakashuka bondeni. Lea aliambiwa ashike mwanzo wa tepu ukingoni mwa kijito. Benjamini akaivuta kupita matete, kupita mfereji aliouchimba Liberatus zamani ili maji yasizamishe matuta, kupita tuta la kwanza, la pili, hadi kati ya la tano na la sita. Pale akapigilia kigingi, akaandika kwenye karatasi, akasaini. Kisha akatoa kopo dogo, akakipaka kigingi kichwa rangi nyekundu.



*

“Rangi gani, mama?” Happy aliuliza kwenye simu jioni ile.

“Nyekundu.”

Nyuma ya Happy zilisikika kelele za Mbeya, pikipiki na watu. Miaka miwili kabla, kibanda chake kando ya barabara kuu kilipigwa alama ya X nyekundu. Waliopiga walikuwa wapole pia, walisalimia, walisema ni vipimo tu vya barabara. Wiki ya tatu kibanda kilikuwa mbao chini.

“Mama, rangi nyekundu haijawahi kumwachia mtu kitu,” Happy alisema. “Usisaini chochote. Na huyo mwanamke ana nini huko bondeni mpaka aje na mtu wa vipimo kabla serikali haijaja? Jiulize.”

Lea alijiuliza. Siku mbili baadaye alipata mtu wa kumsaidia kujibu. Sedekia, mgombea wa upande wa pili, alifika na kilo mbili za sukari na kitenge, akamwita mama yangu mzazi, akapiga magoti kabisa mbele ya Liberatus kumwamkia.

“Mmelima hapa tangu lini?” aliuliza. “Mimi nikiwa diwani, hakuna mtu atakayegusa hata tuta moja. Andika namba yangu, mama. Mtu akitia mguu bondeni, nipigie.” Akainama karibu. “Watu wanatembea na vigingi. Kuna wawekezaji wa miti mjini wanaitafuta ardhi hii. Sitaji jina.”

Alipoondoka, Liberatus alikitazama kitenge mapajani mwa mkewe. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu ugonjwa, kwa hiyo alikuwa hasemi maneno ya bure.

“Huyu kapiga magoti,” alisema, “ila jua limenipiga machoni muda wote.”

“Wewe unataka diwani au mwavuli?” Lea alimjibu.

Lakini hata Sedekia hakumwamini sana. Alikuwa amepokea sukari za chaguzi nne maishani mwake na alijua zinavyokwisha. Ila kati ya mtu anayesema utanyang’anywa na mtu anayesema hutanyang’anywa, sikio lina upande wake. Asubuhi yake alishuka bondeni na jembe kama siku zote. Akakitikisa kigingi, akakichimba pembeni, akaking’oa. Shimo lilibaki wazi na udongo wake mpya, mtu yeyote angeliona. Akatoa mbegu ya boga kwenye fundo la khanga, akaidondosha shimoni, akafukia, akamwagilia maji. Kigingi akakiviringisha kwenye mzigo wa majani ya mifugo, na kilipofika nyumbani kikapata kazi ya kuzuia mlango wa banda la kuku, ambao komeo lake lilivunjika siku nyingi.

Liberatus alikiona. Siku ya tatu alisema, “Banda la kuku sasa lina mlinzi wa serikali,” na Lea akamwambia anywe dawa.

*

Habari kwamba kigingi kimetoweka zilizunguka kata nzima, na kila zilipopita ziliongezeka. Wapo waliosema Hanifa alikiweka kwa ajili ya wawekezaji na alipoona kimejulikana akakiondoa mwenyewe, kuficha. Gari la kampeni la Sedekia halikumtaja, lilisema tu kuna wauza mabonde.

Hanifa alirudi kwa Lea mara moja tu, wiki mbili kabla ya kura. Safari hii hakuwa na mtu. Alimwamkia Liberatus, akamwokotea fimbo yake iliyokuwa imeanguka mahali asipofika, akakaa. Lea hakutoa togwa kabisa. Wakati wakizungumza habari ya mvua, kuku mmoja aliusukuma mlango wa lile banda, ukagonga. Macho ya Hanifa yakaenda kule. Yalikaa kidogo, kisha yakarudi.

“Mama Happy,” alisema polepole, “kile kigingi ndicho kilichokuwa kinayalinda yale matuta sita. Wakija kupima na hawakioni, wataanzia watakapotaka wao. Nilikuwa nataka uelewe hilo, basi.”

Lea alisikia vitisho. Akajibu kwamba yeye ni mkulima, vigingi ni vya waliosoma. Hanifa akainuka, akaaga.

Mkutano wa mwisho wa kampeni ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Lea alienda na kitenge kipya, akakaa mbele na wanawake wenzake. Hanifa aliposimama kuomba kura, mwanamume mmoja nyuma aliuliza kwa sauti kama mgombea anaweza kuwaambia kigingi kimeenda wapi, na kimeuzwa kiasi gani. Watu wakacheka.

“Kigingi kiliwekwa na mtaalamu, na karatasi anayo,” Hanifa alijibu. “Mimi sikukiondoa.”

“Nani sasa?”

Hanifa alinyamaza. Macho yake hayakuelekea waliko wanawake. Aliyaweka juu ya vichwa vya watu, kule kwenye miti.

“Sina jina la kuwapa,” alisema.

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mwanamke aliyekaa pembeni ya Lea alimgusa kiwiko, akasema unaona, hana jibu. Lea alitingisha kichwa kukubali. Alijiambia kwamba hajaulizwa yeye. Alijiambia pia kwamba mtu msafi angejitetea zaidi ya vile, na kwamba ukimya ule una jambo ndani yake. Usiku alilala vibaya, akasingizia kahawa.

Siku ya uchaguzi alimpigia Sedekia kura. Hanifa alishindwa kwa kura kumi na tisa. Waliomwona walisema alienda ofisi ya kata kumpa mshindi mkono, kisha akafungua duka, akapimia mtu mbegu.

*

Walikuja wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa, siku ya Alhamisi. Mtendaji wa kijiji, mgambo wanne wenye mapanga na majembe, na kamba ndefu ya katani yenye mafundo. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wa mgambo alimsalimia Lea shikamoo na kumsaidia kutua ndoo. Lakini walikuwa na haraka, walikuwa na mabonde matatu ya kumaliza kabla ya jioni.

Mtendaji alitazama bonde, akaona matete marefu na tope, na mbele ya matete akaona mfereji wa Liberatus umejaa maji yanayotembea. Akaamuru kamba ianzie pale.

“Huo si mto,” Lea alisema.

“Maji hayo yanakwenda, mama, au yamesimama?”

“Yanakwenda. Lakini ni mfereji. Mume wangu aliuchimba kwa jembe.”

“Kila mtu leo mto wake umechimbwa na mume wake,” mtendaji alisema, na mgambo wakatabasamu. “Kungekuwa na kigingi cha mtaalamu tungekifuata. Kigingi hakipo, na kukiondoa ni kosa, nadhani unajua hilo. Sasa tuache tufanye kazi.”

Kamba ikanyooshwa. Ikapita matuta yote kumi na moja na kuzidi. Mgambo akaanza kufyeka mahindi ya tuta la kwanza, mahindi yaliyokuwa yanatoa ndevu.

Lea alikaa kwenye nyasi, akatoa simu, akatafuta jina la Sedekia. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikaita mara moja ikakatwa. Ya tatu akaambiwa haipatikani. Aliishika mkononi muda mrefu baada ya sauti ile kunyamaza, akajiona alivyo: mwanamke wa miaka hamsini na sita amekaa chini na kitenge cha mtu asiyepokea simu.

Ndipo aliposikia toroli. Gurudumu lake lilihitaji mafuta, lilikuwa linalia tangu juu mlimani. Hanifa alikuwa analisukuma, ushungi umefungwa nyuma ya shingo, viatu vimejaa tope, na ndani ya toroli, juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, alikaa Liberatus na fimbo yake, kama mzigo wa thamani. Mzee Benjamini aliwafuata nyuma na tepu na karatasi yake.

“Bi Hanifa,” mtendaji alisema, “uchaguzi umekwisha.”

“Umekwisha, mtendaji. Pole na kazi.” Alikuwa anahema. “Niliwaona mkipita dukani, nikampigia simu mzee Benjamini aje. Nimemleta Baba Happy aone mfereji wake.”

Liberatus alinyoosha fimbo. Maneno yalichukua muda kutoka, na kila mtu alilazimika kuyasubiri. “Huo... nilichimba mimi. Wiki mbili. Kama ni mto, basi... nipeni mshahara wa Mungu.”

Hata mtendaji alicheka. Lakini akasema kucheka ni kucheka na kazi ni kazi. Benjamini akamwonyesha karatasi. Mtendaji akaisoma yote, akaikunja. Karatasi inasema kuna kigingi, alisema. Mimi naona maharage. Nikiandika kwamba nimefuata kigingi, bosi wangu akija akikiulizia nitamwonyesha nini? Nani atashuhudia kilikuwa wapi?

Hanifa akanyamaza, kama alivyonyamaza siku ile shuleni. Safari hii Lea alikuwa karibu, akauona uso wake. Haukuwa uso wa mtu aliyekosa jibu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshikilia jibu kwa meno.

Anajua, Lea aliwaza. Alijua tangu siku ile ya banda la kuku.

Hata hapo moyo wake wa zamani uliuliza: basi anataka nini? Ukatafuta, ukageuza kila upande. Kura zimekwisha. Kiti kina mtu. Hakuna kilichobaki bondeni cha kumpa mwanamke yule isipokuwa tope.

Lea akainuka.

“Nilikitoa mimi,” alisema.

Panga la mgambo lilisimama.

“Niliking’oa mwenyewe mwezi wa saba. Kiko kwangu, kimezuia mlango wa kuku. Si huyu. Walipouliza shuleni nilikuwa nimekaa mbele, nikanyamaza, nikamwachia aibu.” Alitembea hadi kati ya tuta la tano na la sita, mahali ambapo mche mmoja wa boga ulikuwa umetandaza majani yake mapana na maua manne ya njano kati ya maharage. “Kilikuwa hapa. Nilipanda boga kwenye shimo lake ili msilione.”

Benjamini hakungoja kuambiwa. Alimpa mgambo yule wa shikamoo mwanzo wa tepu, akamtuma ukingoni mwa kijito, ng’ambo ya matete. Tepu ikaja, ikapita mfereji, ikapita matuta, mzee akiivuta na kuhesabu kwa midomo. Mita sitini zilipofika, kidole chake kilikuwa juu ya shina la boga.

Mtendaji alivua kofia, akajikuna. Alimsema Lea mbele ya wote, kwa urefu, kuhusu mali ya serikali, na akamtaka aandike barua ya kukiri na kuomba radhi, ibandikwe ofisi ya kijiji kila mtu aisome. Lea alisema ndiyo kwa kila jambo. Kisha mtendaji akageuka akawaambia mgambo waishie kwenye boga.

Matuta matano yalifyekwa. Lea aliyatazama yote hadi la mwisho. Yalikuwa yale yale matano aliyoambiwa siku ya kwanza, hakuna lililozidi, hakuna lililopungua.

*

Jioni ile Liberatus alirudishwa kwa toroli, Lea mkono mmoja, Hanifa mkono mwingine, kwa sababu kupanda ni kazi kuliko kushuka. Uani Lea aliuliza, bila kumtazama.

“Ulikiona siku ile.”

“Nilikiona.”

“Kura kumi na tisa, mwanangu. Ungesema ungepita.”

Hanifa alikuwa anamfunga Liberatus blanketi kiunoni. “Ningesema, wangekuja kukuchukua wewe kabla ya jua kuzama, wapate cha kuonyesha kwenye kampeni. Na huyu nani angempa dawa?” Akalikaza fundo. “Nilikasirika, mama, usidhani sikukasirika. Nilikunywa togwa yako na nikakasirika hata nilipokuwa nakisuuza kikombe.”

Liberatus alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kicheko.

Lea aliingia jikoni. Alikaa humo muda mrefu kuliko togwa inavyohitaji. Barua ingebandikwa Jumatatu, na Happy angepiga simu kuuliza mama kulikuwa na haja gani ya kujitaja, na Lea hakujua bado atamjibu nini. Alijua tu kwamba alikuwa amewatazama watu wa kura maisha yake yote akitafuta walichoficha, na huyu alichokuwa amekificha ni yeye, Lea.

Alitoka na kibuyu na kikombe kimoja cha bati. Majirani walikuwa wameanza kusogea uani, kama wanavyosogea kukiwa na habari. Akamimina mbele yao. Akakiinua, akanywa funda moja, kubwa, linaloonekana, akafuta midomo kwa kiganja. Kisha akapiga goti, akakishika kwa mikono miwili, akampa Hanifa.